Kabla ya kuvua kofia ya prosesa, uliza kompyuta ni ya nani

Prosesa ya kwanza kufia mikononi mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja anayerekodi video za matanga na harusi, kazi inayomtembeza kutoka Funyula hadi Amukura na mara nyingine ng'ambo kule Tororo. Aliniletea kompyuta yake Alhamisi moja jioni, akaiweka mezani na kuniambia, "Kijana wangu, hii kitu inanguruma kama kinu cha unga, na ikifika katikati ya kurenda inazima. Jumamosi nina mazishi."

Nikamjibu, "Usijali mama, nitaipoza."

Wiki hiyo nilikuwa nimekesha nikitazama video za mafundi wa Ulaya wanaovua kofia ya prosesa, wanapaka kitu kipya chini yake, na joto linashuka digrii 20 hivi hivi tu. Mazee, nilikuwa nimeiva. Nilikuwa na wembe na simu yenye bando, na kichwani hakukuwa na shaka hata kidogo. Nikatoa prosesa, nikaanza kupitisha wembe pembeni, kona ya kwanza, kona ya pili. Gundi ikakatika vizuri. Kofia ikakataa kutoka. Nikabinua kidogo. Nikasikia krak.

Kofia ilipoinuka, kipande cha silikoni kilikuja nayo, kimegandia chini ya chuma kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ilikuwa Core i5-2400, prosesa ya mwaka 2011. Kumbe kizazi hicho cha Intel kofia haikugandishwa kwa pesti, ililehemiwa. Ile video niliyoitazama ilikuwa ya kizazi kilichofuata. Mimi sikuwa nimesoma hata jina lililochapishwa juu ya kofia yenyewe.

Mama alirenda video ya mazishi kwenye laptopu ya mpwa wake, kipande kwa kipande, usiku kucha. Mimi nikatafuta prosesa nyingine kama ile kwa fundi mmoja wa Malaba aliyeitoa kwenye mashine yenye madabodi iliyokufa, nikailipa kutoka mfukoni kidogo kidogo. Hela si nyingi kivile. Lakini kwa miezi mingi mama huyo alipita mbele ya duka akiwa amebeba mashine yake, akielekea kwa mtu mwingine.

Nasimulia haya kwa sababu mtindo huu umerudi. Ukizunguka vibandani Busia, ukivuka hadi Malaba, utasikia vijana wakisema, "Hiyo tuivue kofia tu, itapoa." Wengine wamefanya iwe huduma yenye bei yake, na video fupi ya TikTok juu. Sitaki kuonekana mzee kabla ya wakati, na sipingi kuvua kofia. Kuna mashine ambazo mimi mwenyewe nitakuambia ivue, na ivue leo. Ninachopinga ni kuivua kwenye mashine ya mtu mwingine bila kujua chini kuna nini, na bila kupima joto kabla na baada.

Tuanze na kofia yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa sura tu. Prosesa halisi ni kile kipande cha silikoni, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kwa mfano ile Core i5-4570 iliyojaa kwenye kompyuta za ofisi, silikoni yake ni kama milimita 177 za mraba, na hapo ndipo joto lote linapozaliwa, wati 84 zikiwa kazini. Ile sahani ya kung'aa unayoiona juu ni shaba iliyopakwa nikeli. Kazi yake ni mbili: kutandaza joto ili kipoozaji, yaani kile chuma cha mapezi chenye feni, kilipokee kwa nafasi, na kuilinda silikoni isivunjike. Waliotumia Pentium III na Athlon XP miaka ile wanakumbuka silikoni ikiwa uchi. Ukiweka kipoozaji kimeinama kidogo, kona inameguka na kwaheri.

Kwa hiyo joto hupita tabaka mbili kabla halijafika kwenye feni. Kuna tabaka la ndani, kati ya silikoni na kofia, na tabaka la nje, kati ya kofia na kipoozaji. La nje tunalijua sote, ndiyo ile pesti ya kijivu. La ndani ndilo lenye hadithi.

Mwaka 2011, Intel walikuwa wakitumia lehemu ndani. Mwaka 2012 walipotoa kizazi cha Ivy Bridge wakabadilisha, wakaweka pesti. Watu waliokuwa wamezoea kuongeza mwendo wa prosesa zao, hao wa ovakloki, wakashangaa kuona mashine mpya ina joto kuliko ya zamani ilhali inakula umeme kidogo. Wakavua kofia, wakakuta pesti. Na walipochunguza zaidi, wakagundua ubaya haukuwa pesti peke yake. Gundi nyeusi ya pembeni iliinua kofia kidogo, pakabaki mwanya ambao pesti ililazimika kuujaza. Ukikwangua ile gundi, kofia inakaa chini, na joto linashuka hata kwa pesti ya kawaida. Wengine wakaweka metali ya majimaji, mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati, ambayo hupitisha joto mara nyingi zaidi ya pesti.

Mchezo huo uliendelea kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 2018, Intel waliporudisha lehemu kwenye Core i9-9900K. AMD kwa upande wao walilehemu prosesa nyingi za Ryzen tangu mwanzo. Kisha mwaka 2022 Ryzen 7000 zikaja na kofia nene kiasi kwamba Mjerumani anayejiita der8auer alipoivua na kuweka kipoozaji moja kwa moja juu ya silikoni, alipata nafuu ya digrii 20 hivi. Zile video zinazokunyima usingizi nyingi ni za mashine kama hiyo, ya mtu mwenye kifaa maalumu cha kuvulia, na aliyenunua prosesa yake kwa pesa zake.

Sasa njoo Busia.

Kompyuta tunazofungua hapa karibu zote ni za ofisi za Ulaya zilizostaafu. HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre, zikiwa bado na kibandiko cha kampuni fulani ya Uingereza ubavuni. Ndani unakuta Core i5-2400, i5-3470, i5-4570. Buda, angalia hizo nambari. Hakuna yenye herufi K mwishoni. Bila K, na kwenye bodi ya ofisi, hakuna ovakloki. Bayosi yenyewe haina hata mahali pa kubonyeza. i5-3470 na i5-4570 zote zinaanzia gigahezi 3.2 na kupanda hadi 3.6, basi. Hata ukiipoza kwa barafu ya Mlima Kenya haiendi hatua moja zaidi ya hapo. Kijana anayemwambia mteja kwamba akivuliwa kofia "mashine itakuwa fasta" anauza hewa.

Kuna hali moja tu ambayo kupoza huongeza mwendo kwenye mashine kama hizi. Ni pale ambapo joto limefika karibu digrii 100 na prosesa imeanza kujipunguza mwendo ili isiungue. Hapo kweli ukiipoza inarudi kwenye mwendo wake. Lakini uliza kwa nini ilifika 100. Ilitoka kiwandani na kofia hiyohiyo na pesti hiyohiyo, ikafanya kazi miaka kadhaa kwa mhasibu wa Leeds bila kulalamika. Nini kimebadilika?

Kaa barabarani Malaba saa saba mchana utaona jibu. Foleni ya malori, injini zikinguruma, moshi wa dizeli ukichanganyika na vumbi jekundu. Kiangazi vumbi hilo linaingia hadi kwenye chai. Likifika kwenye mapezi ya kipoozaji linashikana na moshi na kuwa kama blanketi. Nimewahi kutoa feni nikakuta chini yake kitu kama mkeka, unaweza kuukunja. Juu ya duka kuna mabati bila dari, na kompyuta imewekwa chini ya meza na kusukumwa ukutani, pale ambapo hewa ya moto haina pa kwenda. Halafu ile pesti ya nje, iliyopakwa labda 2013, imekauka imekuwa unga. Wakati mwingine pini moja kati ya zile nne za plastiki zinazoshika kipoozaji cha Intel imevunjika, kipoozaji kimeinama upande, na hakuna aliyeangalia.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho chini ya kofia.

Tena wapo wanaopaka dawa ya meno badala ya pesti. Usicheke, nimeshaikuta, hata harufu ya minti ilikuwepo. Inafanya kazi kwa muda kwa sababu ina maji, kisha maji yanakauka na unabaki na chokaa. Mteja anarudi baada ya wiki mbili, fundi anamwambia tatizo ni kofia.

Siku hizi mashine ikija hivyo naipeleka nje kwanza. Blowa, feni nikiwa nimeishika kwa kidole isizunguke kama pangaboi ya helikopta, mapezi hadi yaonekane mwangaza upande wa pili. Naosha kofia kwa spiriti na kitambaa, naweka tone la pesti kama punje ya pojo, nafunga skrubu kwa msalaba. Nusu saa. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Haina video ya kupendeza, najua. Hakuna mtu atakayebonyeza moyo kwa sababu umefuta vumbi.

Lakini sasa nisikilizeni na upande wa pili, maana kuna wakubwa wetu ambao wakiona kijana ameshika wembe na prosesa wanapiga kelele, "Acha kuharibu vitu! Kilichofungwa kiwandani usikifungue." Hao pia siwakubali.

Mji huu umejengwa na watu waliotumia vitu kwa namna ambayo aliyevitengeneza hakuifikiria. Boda boda ilizaliwa mpakani hapa miaka ya 1960, pale watu walipogundua kwamba kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kuna mwendo wa miguu na mizigo ni mizito, wakaweka mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kuanza kuita abiria, boda, boda. Aliyeunda baiskeli ile hakuwa na habari na abiria, seuze gunia la sukari na mama juu yake. Leo neno hilo linajulikana Afrika Mashariki nzima. Kama wale vijana wangeambiwa wasiguse kilichotoka kiwandani, tungekuwa bado tunabeba mizigo kichwani.

Na kuna mashine moja, iko kwenye karibu kila kibanda cha gemu hapa, ambayo kuivua kofia ni matibabu halali. PS3.

PS3 ilitoka mwaka 2006. Ile nono ya kwanza ina chipu mbili kubwa, Cell na RSX, na zote mbili zina kofia, na chini ya kila kofia kuna pesti. Pesti ya miaka mingi hiyo imekufa. Unaweza kubadilisha pesti ya nje kila mwezi, na feni itaendelea kupiga yowe kama ndege inayopaa, kwa sababu joto halifiki kabisa kwenye kofia. Hapa tatizo liko chini ya kofia kweli. Malaba kuna vibanda ambapo madereva na matanboi wao hukaa wakisubiri karatasi zao zishughulikiwe, na FIFA 19, ambayo ndiyo ya mwisho kutolewa kwa PS3, bado inapigwa kana kwamba ni jana. Mashine inawaka asubuhi hadi usiku. Ikizima, mwenye kibanda hana mapato siku hiyo.

Na mafundi wengi hufanya nini mashine hiyo ikileta taa ya manjano? Wanaichoma. Wanachukua blowa la moto, wanaelekeza kwenye bodi hadi iive, wanaifunga, inawaka, wanapokea pesa. Baada ya wiki mbili imekufa tena, na safari hii bodi imepinda. Huo ndio uharibifu, jamani, na mtu haitwi muharibifu kwa kuufanya kwa sababu hakushika wembe. Taa ya manjano ina sababu zaidi ya moja, nyingine haziponi kwa pesti wala kwa moto. Lakini ile PS3 ambayo bado inawaka, inayopiga kelele tu, ukiivua kofia taratibu, ukasafisha, ukapaka pesti nzuri ndani na nje na kurudisha kofia mahali pake, unaweza kuiokoa kabla taa haijafika. Angalia RSX, chini ya kofia yake silikoni haiko peke yake, kuna chipu nne za kumbukumbu zimeizunguka. Wembe ukiingia ndani sana unazikuta.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nipo kambi ya wavua kofia au ya wapinga kofia, nitakuuliza ni mashine gani.

Tena sisi mafundi wa hapa tunafanya kazi na silikoni uchi kila siku bila kujisifu. Fungua laptopu yoyote uone, prosesa yake haina kofia tangu kiwandani. Kipoozaji kinakaa moja kwa moja juu ya silikoni. PS5 ya mwaka 2020 nayo ilitoka Sony ikiwa hivyo, na metali ya majimaji imewekwa kiwandani. Hii si siri ya Wazungu. Mikono tunayo. Kinachotuponyoka ni kusoma jina la chipu kabla ya kuigusa.

Kama unataka kujifunza, na natumaini unataka, anza na zilizokufa. Kila fundi ana boksi la prosesa zisizowaka. Omba. Vua kumi za bure kabla ya moja ya kweli. Zile za Ivy Bridge na Haswell zina pesti ndani, hizo zinavulika. Sandy Bridge iache, ni lehemu, na indiamu iliyomo inayeyuka karibu digrii 157, kwa hiyo wembe peke yake utafanya kile ulichonifanyia mimi. Kwenye Haswell kuna kapasita ndogo kando ya silikoni, na metali ya majimaji inapitisha umeme, ikizigusa umefanya shoti. Wenye ujuzi huzifunika kwa rangi ya kucha kwanza, ile ya dukani ya kawaida, iliyo wazi. Wengine wanavua kwa jiliwa, ile tunayoiita vaisi, wakiibana kofia na kusukuma bodi kwa kipande cha mbao. Ni salama kwa vidole kuliko wembe, lakini usiijaribu na Skylake, bodi yake ya kijani ni nyembamba na inapinda. Na galiamu haikai pamoja na alumini kabisa. Inaila. Kipoozaji cha alumini tupu kikiguswa nayo kitameguka kama biskuti. Vipoozaji vingi vya mashine za ofisi tunazouza hapa, chini ni alumini. Nani alikuambia hilo kwenye ile video ya sekunde 30?

Na kofia irudishe. Soketi ya Intel inabana prosesa kwa kukandamiza kofia. Ukiiacha uchi, ile fremu haina cha kukandamiza, mashine haiwaki, na wewe unaanza kufikiri umeiua.

Kuna kijana mmoja namfahamu, anasoma Chuo Kikuu cha Alupe, aliyefanya hivi vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona. Alikuwa na Core i7-4790K yake mwenyewe, yenye K, kwenye bodi inayokubali ovakloki. Alipima wiki nzima kwanza, akiandika kwenye daftari, asubuhi na mchana, maana Busia saa nane mchana si sawa na saa moja asubuhi. Ilikuwa ikipanda digrii tisini na kitu akirenda. Alipoivua na kurudisha kofia ikawa ya sabini na kitu. Akaongeza mwendo kutoka gigahezi 4.4 hadi 4.6. Nikamuuliza, "Na gemu je?" Akacheka. Gemu haikubadilika hata kidogo, kwa sababu kilichokuwa kikimchelewesha ni kadi yake ya grafiki. "Lakini nimejua, bro," akaniambia. Sikuwa na jibu. Alikuwa amejua kweli, na mashine ilikuwa yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wenzangu wenye maduka. Yule wa Alupe akiharibu, amejiharibia. Sisi tukiharibu, tumemharibia mtu ambaye hana hata njia ya kudai. Fikiria wateja wetu ni akina nani. Nusu yao wanatoka ng'ambo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe Februari 2018, watu wanapita haraka zaidi, na mtu wa Tororo au Bugiri analeta mashine asubuhi, anaichukua jioni. Hana risiti. Ana nambari ya simu, labda ya laini ambayo ukivuka haishiki vizuri. Ukimrudishia mashine iliyokufa, atakushtaki wapi, na kwa sheria ya upande gani, kwa sababu ya kipande cha silikoni? Hatakushtaki. Atanyamaza tu na hutamwona tena, na atawaambia watu wa kwao kwamba mafundi wa Kenya ni waongo. Nimekaa kwenye benchi la duka nikasikia hayo kwa masikio yangu, mzee mmoja akimwelezea mwenzake kwa Kiteso akidhani sielewi.

Maoni yangu ni kwamba kabla ya kuvua kofia ya mashine ya mteja, mambo mawili yaandikwe kwenye karatasi. Jina la prosesa, na joto lake ikiwa kazini kabla hujaigusa. Core Temp ni bure, dakika tano tu. Kisha mteja aambiwe kwa maneno anayoyaelewa kwamba kitu hiki kikikataa hakirudi, na nani atalipa. Wengi wakisikia hivyo watasema, "Basi nifutie vumbi tu." Na hiyo ndiyo kazi waliyokuja nayo. Wenye maduka watasema karatasi inapoteza wakati, mteja ana haraka, gari la Kampala linaondoka. Sawa. Lakini ukipata wakati wa kuweka simu kwenye kikombe ili ujirekodi ukivua kofia, wakati wa kuandika nambari mbili unao.

Yule mama alirudi mwezi uliopita. Sikumtarajia. Ana mashine nyingine sasa, EliteDesk, na ilikuwa inazima kama ile ya kwanza. Aliniangalia akasema, "Leo utatumia wembe?" Watu wote dukani wakacheka, na mimi nikacheka ingawa uso ulikuwa moto kuliko prosesa.

Nilimvutia kiti akae mbele ya skrini. Tukaanzisha kurenda, joto likapanda hadi 97, nikaandika. Nikatoka nje na blowa. Mkokoteni wa mitumba ulikuwa unapita na mwenyewe akanitukana kwa lile wingu la vumbi nililomrushia. Nikarudi, pesti mpya, skrubu nne, tukarenda kipande kilekile. Ikasimama kwenye 71. Mama akachukua kalamu yangu, akaziandika nambari zote mbili nyuma ya programu ya mazishi aliyokuwa nayo mkobani, akaikunja, akalipa.

"Na ile nyingine," akasema akiwa mlangoni, "ile uliyovunja, iko wapi?"

Iko ukutani juu ya meza yangu, kofia na silikoni yake vimeshikana, imepigiliwa msumari. Nilimwonyesha. Akaitazama kwa muda, akasema ni kidogo sana, halafu akatoka kwenda kutafuta boda.